Chumvi ya Ng'ombe

Ancilla alinusa msiba kabla hajafungua mlango.

Alikuwa amesimama barazani kwake, Nyamitanga, begi la nguo mkononi, vumbi jekundu la Juru bado limemganda miguuni. Alikuwa ametoka huko kumzika dada yake. Alikwenda kumuuguza kwa siku chache tu, ugonjwa ukageuka, siku chache zikawa majuma, na majuma yakaishia kaburini. Njia nzima ya kurudi Mbarara alitamani kitu kimoja: kuketi kwenye kiti chake, kuvua viatu, kutazama samaki. Sasa harufu ilikuwa ikipenya chini ya mlango, harufu ya soko la samaki wachuuzi wakishaondoka.

Tangi la samaki wa bahari likiwa zima halinuki. Mwanawe Audace alimwambia hivyo mara nyingi. "Mama, ukisikia linanuka, ujue umechelewa."

Akausukuma mlango.

Yonatani, mzee aliyeachiwa ufunguo, alikuwa ameketi sakafuni mbele ya tangi, kofia mapajani. Mtu mrefu yule, ambaye hata kwenye kiti magoti yalimpanda kifuani, leo alionekana mdogo. Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Audace, usikuye kwanza huku. Ikala pale inje kidogo, nikuambie."

"Uniambie nini?"

"Ikala kwanza. Nakuomba."

Lakini alikwisha kuona. Maji yaliyozoea kung'aa yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Matumbawe ya zambarau, yaliyokuwa yakifunguka kila asubuhi taa ikiwaka, yalikuwa yamenywea juu ya mawe, yakitoa ute. Na juu, karibu na kioo, wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe walikuwa wanaelea ubavu kwa ubavu.

Begi lilimponyoka.

"Wote?"

"Bote," alijibu Yonatani. "Ya mwisho ilikufa leo asubuyi."

Ancilla alipita, akaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa na joto lake lilelile. Pampu ilikuwa ikinguruma vilevile. Kila kitu kilifanya kazi, na hakuna kilichokuwa hai.

Bahari ile ililetwa na Audace. Aliajiriwa Kampala kwenye duka la samaki wa mapambo, na duka lilipofungwa alirudi kwa mama yake na kioo, mawe, vijitumbawe ndani ya mifuko ya maji, na samaki wale wawili. Majirani wa Nyamitanga, ambao maji makubwa waliyoyajua ni mto Rwizi na rangi yake ya udongo, walikuja kusimama mlangoni na watoto mgongoni. Audace akamfundisha mama yake kazi yote: kukinga maji ya mvua na kuyachuja, kukoroga chumvi ya bahari kwenye ndoo mpaka maji yawe maangavu, kupima chumvi, kupima joto, kubadilisha maji kidogo kila Jumamosi, kulisha chembe ndogo tu, kuunganisha betri ya sola umeme ukikatika ili maji yasisimame. "Bahari haipendi mambo ya ghafla," alizoea kusema. "Siku zote iwe kama jana." Figo zilipomwangusha, walimtandikia kitanda sebuleni ili aione. Alifia pale, alasiri moja, mama yake akiwa kainama kusafisha kioo.

Tangu siku hiyo Ancilla aliitunza bahari isibadilike hata kidogo. Na Benitha, binti yake, hakuligusa tangi tena. Alikuwa mwalimu wa shule ya bweni hapohapo Nyamitanga. Akija nyumbani mwisho wa juma, alikaa jikoni.

Kisha akaja Yonatani.

Alikuwa Mkongomani wa milima ya Kivu ya Kusini, mjane, mchungaji wa ng'ombe wa Mnyankore mmoja, mwenyeji wa huko Masha. Asubuhi alizungusha maziwa kwa baiskeli. Siku ya kwanza Ancilla alimfungulia mlango akiwa na kipimo cha chumvi mkononi, na Yonatani akaona mwanga wa buluu nyuma yake.

"Mama, kule ndani kuko nini?"

"Bahari."

"Bahari? Mu nyumba?"

"Kipande chake. Ingia uone."

Aliingia, akavua kofia kama mtu aliyeingia kanisani, akatazama mpaka maziwa ya wateja wengine yakachelewa. Kesho yake alirudi. Jumamosi akashika ndoo. Ancilla alianza kuvaa kitenge kizuri cha Jumapili siku za Jumamosi, na Yonatani akaanza kunyoa ndevu. Hawakusema mengi. Mikono yao ilikutana ndani ya maji wakati wa kuinua jiwe, na hakuna aliyeharakisha kuutoa wake. Watoto wao walipojua, moto ukawaka pande zote mbili. Benitha alisema mama yake, Mkatoliki, mjane wa Salvator, hawezi kuolewa na mlokole anayenuka zizi. Kabera, mtoto wa Yonatani, akasema mwanamke wa Kirundi aliyekwisha kuzeeka atamfaa nini baba yake.

Na bado, alipoitwa Juru kwa dada yake, Ancilla alimwachia Yonatani ufunguo. Hakumwachia mtu mwingine.

"Ulifanya nini?" Ancilla aliuliza sasa, bila kugeuka.

"Nilifanya yote sawa ulisema. Chakula kidogo, taa asubuyi, taa mangaribi. Nililala hapa chini, nikasikilize kama pampu inasimama."

"Yonatani. Ulifanya nini?"

"Maji ilikuwa inapunguka kila siku. Nikaongeza ya ile jerikani mweupe, sawa ulinionyesha. Jerikani ikaisha. Nikakupigia simu mingi, haipiti."

"Juru hakukuwa na umeme wa kuchaji. Dada alikuwa anakufa."

"Najua. Sikukasirika. Nikasema, nifanye nini? Ya bomba ulinikataza. Mvua ikanyesha, nikakinga mu ndoo, nikachuja na kitambaa safi. Lakini ile haina chumvi. Nikaogopa. Nikajisemea, hizi ni banyama ba bahari, nikibamwagia maji baridi bila chumvi nitabaua." Akaonyesha pembeni. "Ile chumvi yako kwenye gunia ilikuwa imefungwa, sikutaka kupasua kitu ya mutoto wako. Nikatia yangu."

"Yako ipi?"

"Ya bangombe. Ile mawe ya chumvi ya ziwa Katwe. Nilichagua yenye kuwa safi."

Ancilla alifumba macho.

"Siku ya kwanza hakukuwa kitu," Yonatani aliendelea, maneno yakimtoka haraka. "Nikaongeza tena, na tena. Kisha yale maua ikafunga. Nikasema pengine inasikia njaa ya chumvi, sawa ngombe ikikosa. Nikaongeza ingine. Mi nikipenda mnyama, naipa chumvi. Njo ile najua."

Laiti angenyamaza hapo. Laiti Ancilla asingekuwa ametoka kuzika, mgongo ukiuma, machozi ya dada bado yamemjaa kifuani bila pa kumwagikia.

"Huyu alikuwa mwanangu," alisema. "Unasikia? Hao hawakuwa samaki. Hiki ndicho kitu cha mwisho alichokigusa. Nimekilinda, umeme ukikatika, mvua ikikosa, nikiwa na homa nimekilinda. Wewe nimekupa majuma machache tu!"

"Mama Audace..."

"Usiniite hivyo! Audace yuko wapi? Mwangalie, anaelea pale!"

Yonatani alisimama. Alikunja kofia yake, akaikunjua. Machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyajali.

"Ancilla," alisema polepole. Hakuwahi kumwita hivyo. "Niache nikusaidie kuisafisha. Kisha ukitaka niende, nitaenda."

Hapo mlango ukagonga ukuta. Ilikuwa Benitha, amevaa nguo zake za kufundishia, pumzi juu. Majirani walikuwa wamempigia kwamba mama amefika. Aliangalia tangi, akamwangalia mzee, akamkumbatia mama yake kutoka nyuma.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia, Mama, mtu wa zizi ataharibu. Baba Kabera, hujaona ulichofanya? Bado umesimama tu?"

"Mtoto yangu, niko naomba tu..."

"Mimi si mtoto wako."

Yonatani alimtazama Ancilla. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja apewe kiti. Neno moja tu lingemtosha. Hata kunyamaza, kama angenyamaza huku akimwangalia, kungemtosha.

Ancilla alitazama sakafu.

"Nenda," alisema.

Aliweka ufunguo juu ya meza, taratibu, bila kuugongesha. Akatoka. Walisikia baiskeli ikiteremka kuelekea mtoni.

Tangi lilikaa hivyo hivyo siku kadhaa, limefunikwa shuka. Ancilla alizima pampu, na ule ukimya ulimfukuza sebuleni. Maziwa yaliletwa na mtu mwingine aliyesema hajui lolote. Jumamosi ilipofika, Benitha alivaa nguo kuukuu, akaja na ndoo.

"Mama, haliwezi kubaki. Litatuletea maradhi."

Walifanya kazi bila kuongea. Walichota maji, wakayamwaga nyuma ya nyumba, mbali na migomba. Walitoa mawe moja moja. Wale samaki Ancilla aliwafunga kwenye kipande cha kitenge, akawafukia mwenyewe chini ya ukuta. Aliporudi alikuta Benitha ameshika kipimo cha chumvi, anakizungusha mkononi.

"Hiki kinasomwaje?"

"Unajaza maji mpaka hapa. Sindano ikisimama kwenye rangi ya kijani, chumvi ni sawa. Ikipanda juu, chumvi imezidi."

"Na inazidije, kama mtu hajaongeza?"

Ancilla alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Maji hukauka, mwanangu. Chumvi haikauki. Maji yakipanda hewani, chumvi yote inabaki chini, inazidi kuwa kali. Ndiyo maana unaongeza maji matupu. Ukiongeza yenye chumvi, unaongeza juu ya ile iliyobaki, na kesho tena, na kesho tena."

"Basi yeye alitakiwa kumwaga maji ya mvua tu."

"Maji ya mvua tu."

"Ulimwambia?"

Ancilla alijiona siku ile ya safari, anakimbizana na muda, anaonyesha kwa kidole: hii nyeupe ndiyo ya kuongeza, ile ya bomba usiguse. Alimwonyesha la kufanya. Sababu hakumpa. Na hata Jumamosi zile zote, mzee alipouliza hili na lile, alimjibu nusunusu. Yale yalikuwa maneno ya Audace, kati ya yeye na Audace. Alimruhusu Yonatani kushika ndoo, basi.

"Sikumwambia," alisema.

Benitha aliweka kipimo chini. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, kuna kitu. Alikuja shuleni."

"Nani?"

"Baba Kabera. Ulipokuwa Juru. Mlinzi akaja darasani akasema kuna mzee wa baiskeli, anauliza habari za maji ya samaki, ya jerikani imekwisha, atie nini. Nilikasirika. Niliona aibu mbele ya walimu wenzangu. Nilimwambia mlinzi aseme sipo." Aliziba uso kwa mikono yenye ute wa matumbawe. "Na mimi nilikuwa najua, Mama. Audace alinifundisha mimi kwanza kabla yako. Ningesema neno moja tu: mvua."

Nje, mwanamke alikuwa akimwita mtoto wake aoge.

Ancilla alitaka kukasirika. Alitafuta hasira ndani yake, akaikuta imekwisha. Yote alimmwagia mtu mmoja, na mtu huyo hakujitetea. Hakutaja shule. Hakusema, muulize binti yako. Alisimama pale na kofia yake akapokea.

"Nawa mikono," alimwambia Benitha. "Mimi nakwenda Masha."

Zizi lilikuwa mbele ya shamba la migomba, kwenye mteremko wenye majani mafupi. Yonatani alimwona kutoka mbali. Hakuja kumlaki, na hakugeuka. Alisimama kati ya ng'ombe wa pembe ndefu, mkono mgongoni mwa mmoja wao, akangoja.

"Karibu," alisema. "Fasi ya kuikala hapa hakuna."

"Nitasimama."

Walisimama. Ndama alikuja kumnusa Ancilla kitenge, naye akamwacha.

"Maji hukauka," Ancilla alianza, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Chumvi haikauki." Akamweleza yote, kama Audace alivyomweleza yeye, bila kuruka kitu. Yonatani alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Njo vile," alisema mwishoni. "Basi ni mi nilibaua. Nilizani labda ni ugonjwa."

"Hapana. Sikuja kukwambia hivyo. Nimekuja kukwambia kwamba mimi sikukufundisha. Na Benitha amenieleza ya shuleni."

"Yule ni mutoto. Ana huzuni ya kaka yake."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema, ungebaki na nani mu ile nyumba?"

Ancilla aligeuza uso upande wa bonde. Hapo ndipo machozi ya dada yake, na ya Audace, na ya samaki, yalipopata njia. Yonatani alisogea. Hakumgusa mbele ya vijana wa zizi, lakini alisimama upande wa jua ili kivuli chake kimfunike.

"Nimelitoa lile tangi," Ancilla alisema alipoweza. "Nimemwaga maji. Audace amekufa, Yonatani. Ilibidi samaki wafe ndipo nijue." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Rudi. Benitha hatakuzuia tena."

Mkono wa mzee ulikuwa ukikuna shingo ya ng'ombe, taratibu, taratibu.

"Ile siku uliniambia niende," alisema, "nilifika hapa nikakuta Kabera na bazee ba kanisa. Kulikuwa mama moja wa kwetu, mjane, iko mu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walikuwa wananiambia juu yake tangu zamani. Siku zote nilikuwa nakataa. Ile siku nilikubali kumuoa."

"Ulikubali."

"Nilikubali. Ngombe ya mahari ilishapelekwa. Yule mama ameisha kuambia batoto bake."

"Si unaweza kusema umebadili?"

Aliuliza akijua jibu. Alimjua. Mtu aliyelala sakafuni akisikiliza pampu hawezi kumwacha mwanamke aliyekwisha kuwaambia watoto wake.

"Weye mwenyewe," Yonatani alisema, "ningefanya vile, ungenipenda?"

Ancilla alitikisa kichwa. Walitazamana. Vilikuwepo vyote pale, Jumamosi zao zote, mikono ndani ya maji, kitenge kizuri na ndevu zilizonyolewa, na hakuna aliyejua aviweke wapi. Kijana mmoja alipiga mluzi, ng'ombe wakaanza kujikusanya kwenda mtoni.

"Lazima nibapeleke kunywa," Yonatani alisema.

"Wapeleke."

"Utarudi salama?"

"Nitarudi salama."

Alivaa kofia, akatembea nyuma ya ng'ombe. Mara moja aligeuka, kisha mteremko ukammeza, ukabaki mlio wa kwato.

Ancilla alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa ya misheni. Benitha alikuwa akimngoja getini. Aliutazama uso wa mama yake, akaelewa, hakuuliza mzee yuko wapi. Alimpokea pochi. Waliketi wote wawili kwenye ngazi ya baraza, mabega yakigusana.

"Mama," Benitha alisema baada ya kitambo. "Alikuwa mtu gani, yule mzee? Sijawahi kukuuliza."

Ancilla alifikiria. Alitaka kusema mpole. Alitaka kusema mkweli.

"Ni mtu ninayempenda," alisema.

Benitha alimshika mkono. "Ulimwambia?"

Ancilla alifungua mdomo kujibu. Alikuwa amemweleza habari za maji, habari za chumvi, habari za Audace, kila kitu, bila kuruka.

Hilo hakumwambia.